Tope, jivu na kahawa: kuielewa kahawia-kijivu iliyokolea kabla ya kuipaka ukutani

Kwa Kifaransa, fuko huitwa taupe. Ni yule mchimba vichuguu mwenye manyoya mafupi, laini, ambayo ukiyatazama hujui useme ni ya kijivu au ya kahawia. Jina la mnyama likageuka kuwa jina la rangi, na rangi hiyo leo imeenea duniani kwa jina hilohilo. Linatamkwa karibu sawa na neno letu tope. Maneno haya mawili hayana undugu, imetokea tu, lakini aliyewahi kuona tope la udongo mweusi likianza kukauka kando ya mto anaijua rangi ninayoizungumzia, hata kama hajawahi kuisikia ikitajwa. Kiswahili nacho kina njia yake ya kuifikia: kahawia tumeitoa kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu. Chukua hivyo viwili, uvichanganye, upunguze weupe mpaka mchanganyiko ukolee, kisha uuache uelekee kwenye joto la kahawa kuliko ubaridi wa jivu. Hiyo ndiyo kahawia-kijivu iliyokolea.

Ukutani ina uzuri ambao rangi nyepesi hazina. Mbao hujitokeza, shaba hung'aa, picha huonekana kama zimewashiwa taa, na chumba chote hutulia. Naipenda na ninaitetea. Lakini pia ndiyo rangi inayowavunja watu moyo kuliko nyingine ninazozijua. Kopo moja, lenye namba ileile, linapakwa katika nyumba tatu: kwa wa kwanza linatoka kama gome la mti, kwa wa pili linaingia zambarau, kwa wa tatu lina ukijani wa maji yaliyotuama. Fundi analaumiwa, muuzaji analaumiwa, kopo linarudishwa dukani. Chumba changu cha kusomea kilinifanyia hivyo. Mchana ukuta ulikuwa kama nilivyoutaka; usiku, nilipowasha taa, ukawa zambarau iliyofifia. Asubuhi ukarudi katika hali yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba rangi haikuwa na kosa. Nilikuwa nimechagua rangi bila kuchagua mwanga.

Chungwa lililozimwa

Itafute kahawia kwenye upinde wa mvua, hutaiona. Kahawia ni rangi ya chungwa iliyopunguziwa mwanga, na jicho huiita kahawia pale tu inapokuwa karibu na kitu kinachong'aa kuiliko. Jaribu mwenyewe: chukua kitu cha kahawia, kimulike kwa taa kali ndani ya chumba chenye giza, kisha kitazame kupitia bomba la karatasi nyeusi ili usione chochote kingine pembeni. Taratibu kitaanza kuonekana cha rangi ya chungwa. Ondoa bomba, kahawia inarudi. Kwa hiyo tangu mwanzo hii ni rangi inayowategemea majirani zake ili iwe yenyewe.

Sasa ongeza jivu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, Albert Munsell, alitengeneza mfumo wa kupanga rangi kwa vipimo vitatu: rangi yenyewe (nyekundu, njano na kadhalika), wepesi wake kuanzia nyeusi hadi nyeupe, na ukali wake, yaani imejitenga kiasi gani na kijivu. Mfumo huo ndio wataalamu wa udongo wanaoutumia hadi leo kutaja rangi za ardhi, na ni huko kwenye udongo ndiko rangi yetu inakokaa. Alama 10YR 3/2, kwa mfano, husomwa hivi: rangi iko kati ya nyekundu na njano, wepesi wake ni 3 kati ya 10, ukali wake ni 2. Mtaalamu wa udongo ataiita kahawia-kijivu iliyokolea sana.

Namba hizo zinaeleza mambo mawili. La kwanza ni giza. Wepesi wa 3 maana yake ukuta unarudisha takriban asilimia 7 tu ya mwanga unaoupiga. Wepesi wa 4 unarudisha asilimia 12 hivi. Ukuta mweupe unarudisha 80 au zaidi. Kadi nyingi za rangi huandika kipimo hiki kwenye mizani ya 0 hadi 100, na ni namba yenye manufaa kuliko jina lolote zuri ambalo rangi imepewa. La pili ni ule ukali wa 2. Nyekundu kali inaweza kufika ukali wa 14, kwa hiyo hata mwanga ukiisukuma kidogo inabaki nyekundu, ina akiba. Rangi yetu haina akiba. Ina tone la chungwa ndani ya kijivu kingi. Mwanga wenye ubuluu kidogo unalimeza tone hilo lote, na mwanga wenye wekundu kidogo unalikuza mpaka likatawala ukuta. Malalamiko yote yanaanzia hapo.

Ndani ya kopo

Unga unaotia rangi hii ni wa kale sana. Oksaidi za chuma hutoa nyekundu, njano na nyeusi. Udongo uitwao umba, ambao una oksaidi za chuma pamoja na za manganizi, hutoa kahawia inayoelekea ukijani ukitumika mbichi, na yenye wekundu ukichomwa. Wachoraji wa pango la Lascaux, Ufaransa, walitumia madini ya jamii hiyohiyo maelfu ya miaka iliyopita, na michoro yao bado inaonekana. Viwanda vya leo huongeza kaboni nyeusi kwa ajili ya giza na titani dioksaidi kwa ajili ya weupe, lakini kiini ni kilekile.

Jambo ambalo kadi ya rangi haikuambii ni kwamba kahawia-kijivu moja inaweza kufikiwa kwa mapishi mengi. Mchanganyaji mmoja ataweka umba mbichi na kaboni. Mwingine ataweka oksaidi nyekundu, njano kidogo na nyeusi nyingi. Chini ya taa za dukani sampuli zao zinalingana kabisa. Zipeleke nyumbani, zitazame dirishani, moja imekwenda ukijani na nyingine uzambarau. Kila unga humeza na kurudisha sehemu tofauti za mwanga, hata pale ambapo jumla yake inalingana machoni chini ya taa moja. Ndiyo maana sishauri kuchukua kadi ya mtengenezaji mmoja na kuomba ilinganishwe kwenye mashine ya mtengenezaji mwingine. Kwa nyeupe au buluu tofauti inaweza kuvumilika. Kwa rangi hii, ukiipenda kadi fulani, nunua rangi kwa wenye kadi hiyo.

Huo upande ambao rangi huelekea, ukijani, uzambarau, unjano au wekundu, wengi huuita rangi ya chini. Mimi huuita mwegemeo, kwa sababu haukai chini ya kitu chochote. Ni rangi nzima imeegemea upande. Ukiweka kadi moja juu ya karatasi nyeupe hutauona, utaona giza tu. Weka kadi nne au tano za familia hiyo bega kwa bega. Ghafla ile uliyodhani ni kahawia safi inaonekana ina uwaridi, na jirani yake inaonekana imetoka kwenye majani makavu. Jicho ni hafifu katika kutaja rangi iliyo peke yake, lakini katika kulinganisha ni kali mno.

Ukiniuliza ni mwegemeo upi, nitasema hivi. Chumba kinachotumika zaidi usiku kipewe wenye wekundu na unjano kwa pamoja, yaani uliobaki karibu na chungwa lake la asili. Mwegemeo wa ukijani ni mzuri sana katika chumba chenye jua la kutosha na mbao zisizopakwa rangi, ila gizani hunyauka. Mwegemeo wa uzambarau ndio unaovutia zaidi kwenye kadi na ndio unaojutiwa zaidi ukutani, kwa sababu taa nyingi za usiku huukuza.

Mwanga kwanza

Mwanga wa mchana una sura nyingi. Jua la saa sita linakaribia weupe, anga la mawingu lina ubaridi, na kivuli kinachopata mwanga wa anga la buluu peke yake kina ubuluu zaidi. Hali hii hupimwa kwa kelvini: mshumaa uko karibu 1900, balbu ya zamani ya waya 2700, anga la mawingu 6500 hivi, na kivuli chini ya anga safi kinaweza kupita 8000. Namba ikipanda, ubuluu unaongezeka.

Kwa hiyo swali la kwanza ni dirisha linatazama wapi. Kaskazini mwa dunia, dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka. Kusini mwa dunia ni kinyume chake. Karibu na Ikweta jua hupita juu, likiinamia upande mmoja miezi fulani na upande wa pili miezi mingine, hivyo tofauti kubwa huwa kati ya mashariki na magharibi. Chumba kisichopata jua kinahitaji kahawa zaidi ya jivu, la sivyo ukuta utafanana na saruji mbichi kuanzia asubuhi. Chumba cha magharibi kinaweza kubeba kijivu kingi, kwa maana jua la jioni litakiongezea joto lenyewe, na kuna nusu saa fulani kabla ya machweo ambapo ukuta wa namna hii huwaka kama kaa la moto linalozimika. Angalia pia kilichoko nje. Miti iliyo karibu na dirisha huleta mwanga wa kijani ndani. Ukuta wa matofali mekundu ng'ambo ya pili huleta wekundu. Kadi ya rangi haiwezi kujua hayo.

Usiku, mamlaka yanahamia kwenye balbu. Balbu ya kelvini 2700 hadi 3000 inaifaa rangi hii. Ya 4000 na kwenda juu inaiua. Lakini kelvini ni nusu tu ya habari. Balbu ya LED huanza na mwanga wa buluu, kisha sehemu yake hugeuzwa na unga maalumu unaong'aa ukipigwa na mwanga huo, ili jumla ionekane nyeupe. Zikitengenezwa ovyo, hupungukiwa na wekundu, na kahawia bila wekundu ni jivu tupu. Kwenye kasha la balbu mara nyingi kuna kipimo cha uaminifu wa rangi, Ra, kinachoeleza balbu inaonyesha rangi za vitu kwa usahihi kiasi gani; kilele chake ni 100. Kipimo hiki ni wastani wa rangi nane zisizo kali; nyekundu kali haimo, inapimwa pembeni kama R9. Ndiyo maana balbu mbili zenye Ra 80 zinaweza kuupa ukuta sura mbili tofauti. Kwa chumba cha rangi hii tafuta Ra ya 90 au zaidi, na kama R9 imeandikwa, isome. Zile balbu zilizonipa zambarau nilizibadilisha zote siku moja. Ukuta haukuguswa, na zambarau haijarudi.

Kuna saa moja ambayo hata balbu bora haihusiki nayo, nayo ni magharibi, kabla taa hazijawashwa. Katika karne ya 19 mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, aligundua kwamba giza linapoingia, rangi nyekundu huzama upesi huku kijani na buluu zikibaki. Ni jicho linabadilisha zamu: seli zinazotambua rangi hulegea, na zile za kuonea gizani, ambazo kwenye wekundu ni hafifu, hushika kazi. Wekundu ulio ndani ya kahawia-kijivu ndio wa kwanza kuondoka. Kwa dakika kadhaa kila siku ukuta wako utakuwa wa kijivu kisicho na uhai, na hakuna kopo linaloweza kulizuia hilo. Washa taa mapema kidogo.

Kwa sababu hizo, sampuli ifanyiwe kazi ya kweli. Usipake viraka kwenye ukuta mweupe: weupe unaokizunguka kiraka hukifanya kionekane cheusi kuliko kitakavyokuwa chumba kizima kikishapakwa. Chukua ubao au kadibodi ngumu yenye upande wa nusu mita, ipake mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, mpaka kingoni, ikauke. Usihukumu rangi ikiwa bado na maji, kwa kuwa rangi ya maji huonekana nyepesi ikiwa mbichi na hukolea ikikauka. Kisha uhamishe ubao huo: pembeni mwa dirisha, kwenye kona ya mbali, nyuma ya kochi. Utazame asubuhi, adhuhuri, magharibi, na usiku taa zikiwaka. Siku mbili za subira zinatosha. Na picha za intaneti zitazame kwa starehe tu. Kamera ikiona giza huongeza mwanga, ikiona umanjano wa balbu huusafisha, hivyo ukuta uliopenda kwenye simu huenda haujawahi kuonekana vile na mtu yeyote aliyesimama ndani ya chumba kile.

Je, chumba kitakuwa kidogo?

Hili ndilo ninaloulizwa kila mara, na jibu lililozoeleka, kwamba rangi nzito hukaza chumba, lina ukweli nusu. Tuanze na kilicho hakika, yaani kiasi cha mwanga. Fikiria chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7. Kuta zake zina mita za mraba karibu 38, dari 12, sakafu 12. Kuta na dari zikiwa nyeupe na sakafu ya wastani, chumba kizima kinarudisha kama asilimia 70 ya mwanga kila unapogonga, na kwa kuwa mwanga huo huruka tena na tena, mwishoni unapata mara 3.4 hivi ya kile taa ilichotoa. Paka kuta kahawia-kijivu inayorudisha asilimia 10, ukiacha dari nyeupe: wastani unashuka hadi asilimia 27, na mwanga wote unakuwa mara 1.4 tu. Umepoteza zaidi ya nusu. Hii ni hesabu ya kukadiria, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo: taa uliyokuwa nayo haitatosha, na hakuna namna ya kulikwepa hilo.

Endelea kidogo na hesabu hiyo. Ukipaka na dari rangi hiyohiyo, jumla inashuka kutoka 1.4 hadi karibu 1.2. Hasara ni ndogo sana kuliko watu wanavyoogopa, maana kuta zilishachukua sehemu kubwa. Isipokuwa taa zako zinamulika juu; hapo dari ndiyo taa yenyewe, na ukiipaka giza umeizima.

Kuhusu udogo wa chumba, kinachokibana ni mpaka kuliko giza. Ukuta mzito ukikutana na dari nyeupe kabisa, unapatikana mstari mkali kichwani, na jicho hupima kimo cha chumba kwa mstari huo. Katika chumba cha dari fupi, mstari huo ndio unaokandamiza. Pakeni vyote rangi moja, dari, kuta, hata fremu za milango, na mstari unapotea. Kona nazo huzama kwenye kivuli, na jicho linapata shida kusema ukuta unaishia wapi. Chumba hakiwi kikubwa, siwezi kudai hivyo, lakini kinaacha kuwa sanduku. Ndiyo maana vyumba vidogo, korido na maktaba za nyumbani huipokea rangi hii vizuri kuliko sebule kubwa iliyopakwa ukuta mmoja tu. Ukuta mmoja wa giza kati ya mitatu myeupe naona mara nyingi ni woga uliopakwa rangi: unapata giza lote bila utulivu wake.

Kwa taa, sahau ile moja ya katikati ya dari. Inamwaga mwanga kwenye kuta zitakazoumeza. Weka taa kadhaa chini, karibu na mahali watu wanapokaa, wanaposoma, wanapoweka vitu, ili mwanga uangukie mikono, vitabu na nyuso. Taa moja ndogo ya kumulika picha hufanya kazi kubwa humu ndani kuliko katika chumba cheupe, kwa sababu haina mshindani.

Majirani wa ukuta

Mnamo 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Alipozipima, nyuzi hazikuwa na kasoro. Zilikuwa zimefumwa karibu na buluu na zambarau, na majirani hao ndio waliozifanya zionekane dhaifu. Mwaka 1839 alichapisha maelezo kamili: kila rangi huisukuma jirani yake kuelekea upande ulio kinyume nayo.

Kwa rangi isiyo na akiba, kanuni hii ni kila kitu. Zulia la buluu litaufanya ukuta wako uonekane wa chungwa zaidi, yaani wa joto zaidi, hata kama rangi ni ileile. Mimea mingi ya majani itautia wekundu. Sakafu ya mbao nyekundu au vigae vya udongo wa kuchoma vitafanya kinyume: joto lote watachukua wao, na ukuta utabaki na jivu lake, wakati mwingine hata na ukijani. Nimeona watu wakibadilisha rangi ya ukuta mara mbili, tatu, wakati tatizo lilikuwa chini ya miguu yao. Sakafu ni jirani mkubwa kuliko wote na ndiye mgumu kuhamishwa, kwa hiyo ubao wa sampuli uulaze pia sakafuni, uutazame hapo.

Nyeupe ni jirani wa kuchagua kwa makini. Nyeupe safi, ile yenye ubuluu, kando ya kahawia-kijivu hukata kama kisu na huufanya ukuta uonekane mchafu. Chagua nyeupe iliyotiwa unjano au umba kidogo, ya maziwa au ya pamba isiyosafishwa. Vitambaa vya kitani, ngozi, shaba iliyopoteza mng'ao, mbao zenye mafuta, kijani cha zeituni, waridi ya udongo, vyote hukaa vizuri. Nyeusi kabisa itumike kidogo, kwenye fremu nyembamba ya picha au mguu wa taa, ili ukuta uonekane kuwa una rangi.

Ukiwa na vitu vingi vya rangi ya kahawia, tofauti itokane na mguso badala ya rangi: kitambaa cha nyuzi nene karibu na ngozi laini, mkeka karibu na kioo. Bila hivyo vitu vyote vitayeyuka ukutani.

Kazi yenyewe

Rangi nyepesi husamehe ukuta mbaya. Hii haisamehi, hasa ikiwa na mng'ao: kila nundu na kila mkwaruzo wa msasa huonekana mwanga unapopita kando. Rangi isiyong'aa huficha zaidi na ndiyo yenye kina kizuri kama vumbi la makaa, lakini ina udhaifu wake. Ukiisugua sana inang'aa pale uliposugua, na kwenye giza alama hiyo huonekana kutoka mlangoni. Mimi hutumia isiyong'aa kwenye kuta za kukaa na kulala, na yenye mng'ao mdogo kwenye korido, jikoni, na popote wanapopita watoto. Kwenye milango na fremu, rangi ileile yenye mng'ao zaidi hutoa tofauti nzuri bila kuleta rangi ya pili.

Ziba mashimo, piga msasa, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Kama nyumba ni ya zamani, kumbuka kwamba rangi za kale zinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Hizo zisisuguliwe kavu, zipimwe kwanza. Kisha rangi ya msingi. Iombe itiwe kijivu cha kati. Juu ya msingi mweupe, kila mahali rola lilipopita jepesi huchungulia weupe, na utalazimika kupiga mkono wa tatu. Tofauti na nyekundu au njano kali, kahawia-kijivu hufunika vizuri kwa asili, kwa hiyo juu ya msingi wa kijivu mikono miwili kwa kawaida inatosha.

Kwa chumba kile cha mfano, ukitoa mlango na dirisha zinabaki mita za mraba kama 34. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7. Nunua zote siku moja, pamoja na lita moja ya akiba. Kabla ya kuanza, mimina makopo yote kwenye ndoo moja uyakoroge pamoja, kwa sababu hata makopo yenye namba moja yanaweza kupishana kidogo, na kwenye rangi nzito tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta kama mstari wa maji.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kupaka kingo zote kwa brashi kuzunguka chumba, zikauke, ndipo rola lije. Kingo zitaonekana kama fremu iliyokolea kuzunguka kila ukuta. Chukua ukuta mmoja kwa wakati: kingo kwa brashi, kisha rola papo hapo wakati kingo bado mbichi, likikaribia kona kadiri linavyoweza. Usirudi nyuma kugusia mahali palipoanza kukauka. Kama kuna palipokosa, subiri mkono unaofuata.

Rangi nzito ina unga mwingi wa kutia rangi, na hukaa laini kwa muda baada ya kukauka. Kwa kugusa itakuwa kavu siku hiyohiyo, lakini kuiva kabisa huchukua wiki kadhaa. Katika muda huo usiioshe, usiegemeze fanicha, usibandike kitu kwa gundi. Vumbi litaonekana, na liondolewe kwa brashi laini au kitambaa kikavu bila kukandamiza. Mkwaruzo ukitokea, usiuzibe kwa kiraka kidogo. Kwenye rangi hii kiraka hujulikana daima. Paka ukuta huo mzima, kutoka kona hadi kona. Kwa ajili ya siku hiyo hifadhi lita moja kwenye chombo kilichofungwa vizuri na kujaa mpaka juu, na juu yake uandike namba ya mchanganyiko kama ilivyo kwenye kopo, tarehe uliyopaka, na aina ya balbu zilizokuwa zinawaka chumbani.